Kutoka Azli Hadi Kitanzi: Historia ya Mwanamke na Kupanga Uzazi



Msimu wa harusi ukikaribia, hapa kwetu tunazungumza mengi: hina, singo, udi, nguo za fungate, mapambo ya chumba. Somo naye anakuja na mafunzo yake. Lakini kuna suala moja ambalo kwa kawaida halimo ndani ya mkoba wa somo, na bi harusi hukutana nalo peke yake baada ya arobaini ya mtoto wa kwanza, akiwa amekaa kwenye benchi la kliniki. Nesi anamuuliza: "Unataka njia gani? Vidonge, sindano, kijiti au kitanzi?" Yeye hajui ajibu nini, maana alichowahi kukisikia ni uvumi tu wa mashoga.

Leo hatutaki kumwambia mtu atumie nini. Tunataka tusimulie historia. Suala hili lina historia ndefu sana, na ndani yake wamo Masahaba, wanazuoni, madaktari, matapeli na wanawake wengi walioumia kwa kutokuambiwa ukweli. Mwenye kuijua historia hii huingia chumba cha daktari na kichwa kilichotulia.

Lilianza kabla yetu

Wengi wetu tumelelewa tukidhani kupanga uzazi ni jambo lililoletwa na Wazungu. Si kweli. Wamisri wa kale, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, waliandika kwenye mafunjo dawa ya mwanamke asiyetaka kushika mimba: mchanganyiko wa mgunga, tende na asali uliolowekwa kwenye sufi na kuwekwa ukeni. Wanasayansi wa zama zetu wameeleza kuwa mgunga ukichacha hutoa asidi inayodhoofisha mbegu za kiume. Kwa hiyo wanawake wale hawakuwa wakibahatisha tu.

Katika zama za Mtume (s.a.w.) njia iliyojulikana ilikuwa azli, yaani mume kutoa nje. Sayyidna Jabir bin Abdillah (r.a.) amesimulia kwamba walikuwa wakifanya hivyo wakati Qur'ani inashuka, wala hawakukatazwa. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na wanazuoni wengi wameijenga hoja ya ruhusa juu yake.

Lakini tungependa kumtaja pia mwanamke mmoja ambaye jina lake halitajwi sana: Bibi Judama bint Wahb (r.a.). Yeye amesimulia hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, na ndani yake mna mambo mawili. La kwanza, Mtume (s.a.w.) alikusudia kukataza mume kumwingilia mke anayenyonyesha, kisha akaona kwamba Warumi na Waajemi wanafanya hivyo na watoto wao hawadhuriki. La pili, alipoulizwa juu ya azli aliisema kwa ukali, akaifananisha na kumzika mtoto hai kwa siri.

Hapo ndipo wanazuoni walipotofautiana. Ibn Hazm wa Andalusia alishika hadithi hii akaharamisha azli. Wengi wengine walizikusanya hadithi zote pamoja, ikiwemo ile ambayo Mtume (s.a.w.) alikanusha madai kwamba azli ni kuzika mtoto, wakasema ni jambo linalojuzu, au kwa wengine ni makuruhu, si haramu. Wengi wao wakaweka sharti moja ambalo sisi wanawake hatupaswi kulisahau: mume asifanye azli bila ridhaa ya mkewe, kwa sababu mke ana haki ya starehe na ana haki ya mtoto. Tafakarini hilo. Karne nyingi kabla ya fomu za ridhaa za hospitali, mafakihi walikuwa wakizungumzia ridhaa ya mwanamke.

Kubemenda na hekima ya bibi zetu

Turudi kwenye lile jambo la kwanza la Bibi Judama, maana hapo ndipo linapogusa pwani yetu. Nani kati yetu hajalisikia neno kubemenda? Bibi zetu waliamini kwamba mama anayenyonyesha akikutana na mumewe, mtoto ataharibika: atakonda, atachelewa kusimama, atakuwa mgonjwa mgonjwa. Ndiyo maana mzazi, hasa wa mtoto wa kwanza, alirudi kwa mama yake kujifungua, na wengine walikaa huko muda mrefu kupita arobaini.

Hadithi imetueleza kwamba tendo lenyewe halimdhuru mtoto, na madaktari wa leo wanasema hivyo hivyo. Lakini tusiwacheke bibi zetu. Walichokiona kwa macho yao kilikuwa kweli: mtoto ambaye mama yake anashika mimba nyingine upesi mara nyingi anaachishwa ziwa kabla ya wakati na anadhoofika. Kubemenda ilikuwa njia yao ya kutenganisha watoto, ingawa sababu waliyoitaja haikuwa ndiyo. Shirika la Afya Duniani leo linashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Nasi tunajua kwamba Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, inazungumzia kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Na aya hiyo hiyo inapozungumzia kumwachisha mtoto ziwa, inataja mambo mawili baina ya mume na mke: kuridhiana na kushauriana. Tuyaweke moyoni maneno hayo mawili, tutayahitaji mbele.

Imam Ghazali na madaktari wa Kiislamu

Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa wa madhehebu ya Shafii kama walivyo wengi wetu visiwani. Katika Ihya Ulum al-Din aliiangalia azli kwa kutazama nia. Aliona hakuna ubaya kwa anayetaka kumhifadhi mkewe na hatari ya uzazi, na hata kuhifadhi uzuri na afya yake. Akakubali pia hofu ya dhiki inayotokana na wingi wa watoto. Lakini nia moja aliikataa kabisa: kuzuia mimba kwa kuogopa kuzaa watoto wa kike. Hiyo aliiona ni tabia ya jahilia.

Madaktari nao hawakukaa kimya. Al-Razi na Ibn Sina waliandika dawa za kuzuia mimba ndani ya vitabu vyao vya tiba, bila kuficha. Ibn Sina alieleza kwamba wapo wanawake ambao mimba ni hatari kwao, kama msichana mdogo au mwenye maradhi, na hao daktari awasaidie. Vitabu hivyo vilisomwa Baghdad, Cairo na hata vyuo vya Ulaya kwa mamia ya miaka.

Pete ya Berlin

Sasa tuje kwenye kitanzi chenyewe. Huenda umesikia kisa cha Waarabu kuweka vijiwe ndani ya mfuko wa uzazi wa ngamia ili wasishike mimba safarini. Kisa hicho kinarudiwa sana, lakini hakina ushahidi. Historia inayojulikana ilianza Ujerumani. Mwaka 1909 daktari Richard Richter aliandika kuhusu pete aliyoitengeneza kwa uzi wa utumbo wa mdudu wa hariri. Miaka ya 1920 daktari Ernst Gräfenberg wa Berlin aliiendeleza kazi hiyo, akatengeneza pete ya waya wa fedha. Huko Japani naye Tenrei Ota alitengeneza pete yake mwaka 1934.

Pete ya Gräfenberg ilifanya kazi vizuri kuliko alivyotarajia, na sababu ilikuja kujulikana baadaye sana: fedha ile ilikuwa imechanganyika na shaba. Lakini zama zile hazikuwa na dawa za kuua bakteria. Mwanamke akipata maambukizi, hakuna wa kumwokoa. Madaktari wengi wakaipinga. Gräfenberg mwenyewe alikuwa Myahudi, akafungwa na serikali ya Wanazi, na mwaka 1940 alifika Marekani akiwa mkimbizi. Kazi yake ikalala kwa miaka mingi.

Kwa nini tunakiita kitanzi

Mwaka 1962 daktari Jack Lippes wa Buffalo, jimbo la New York, alitoa kifaa chake cha plastiki laini kilichojipinda kama herufi S mbili, na chini yake akafunga nyuzi mbili ili mwanamke aweze kuhakikisha mwenyewe kwamba bado kipo. Wenyewe walikiita kwa jina lenye maana ya kitanzi, na hapo ndipo jina letu lilipotoka. Wapo mama zetu mpaka leo wanaosema "lupu".

Vifaa vingi vya leo vina umbo la herufi T. Havijipindi wala havifungi kitu. Lakini jina limebaki, na jina hilo linatisha, kwa sababu kwa Kiswahili kitanzi ni kile kinachotegwa kumnasa ndege, au kinachomnyonga mtu. Dada akisikia "tutakuwekea kitanzi", moyo unaruka. Tunaamini baadhi ya hofu zetu zimeanzia kwenye neno lenyewe.

Kifaa cha Lippes kilisafiri mbali. India ilikiingiza kwenye mpango wake wa taifa mwaka 1965. Mwanzo wanawake walijitokeza kwa wingi, kisha wakakimbia. Sababu haikuwa dini. Wengi walipata damu nyingi na maumivu, na hakuna aliyewaeleza mapema kwamba hali hiyo inaweza kutokea, wala hapakuwa na wa kuwaangalia walipokwenda kulalamika. Ahadi ilikuwa kubwa, maelezo yalikuwa madogo. Hilo ni somo la kwanza la historia hii.

Jeraha la Dalkon Shield

Somo la pili ni chungu zaidi. Mwaka 1971 kampuni ya A.H. Robins ya Marekani ilianza kuuza kifaa kiitwacho Dalkon Shield. Kilikuwa na umbo kama la kaa mdogo mwenye miguu pembeni, ili kisitoke. Kilitangazwa kwamba ni salama na kwamba kinazuia mimba kwa kiwango cha juu sana. Mamilioni ya wanawake waliwekewa.

Tatizo kubwa lilikuwa kwenye uzi wake. Haukuwa uzi mmoja laini, bali mamia ya nyuzi nyembamba ndani ya ganda moja. Kama utambi wa taa unavyopandisha mafuta, uzi ule ulipandisha vijidudu kutoka ukeni hadi ndani ya mfuko wa uzazi. Wanawake wakapata maambukizi makali. Wengine waliharibika mimba wakiwa na sumu kwenye damu, na baadhi wakafariki. Wengine mirija yao ya uzazi iliziba, wasizae tena maisha yao yote.

Mwaka 1974 kampuni ilisimamisha mauzo Marekani. Lakini tayari vifaa hivyo vilikuwa vimepelekwa katika nchi nyingi maskini kupitia misaada, vingine bila ya kutakaswa. Wanawake zaidi ya 200,000 walidai fidia, na mwaka 1985 kampuni iliomba kinga ya mufilisi mahakamani. Kabla ya hapo, Marekani haikuwa na sheria ya kulazimisha vifaa vya aina hii vipimwe kabla ya kuuzwa. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1976, na machozi ya wanawake wale yalichangia.

Kwa hiyo, dada, unaposikia shangazi anasema "kitanzi kinaleta ugumba", usimwite mshamba. Kuna kizazi cha wanawake ambao kwao hilo lilikuwa kweli. Kosa ni kudhani kwamba vifaa vyote ni kama kile kimoja. Mwaka 2001 watafiti walichapisha uchunguzi uliofanywa Mexico, wakiwalinganisha wanawake wenye mirija iliyoziba na wengine wasiokuwa na tatizo hilo. Waliona kwamba kuwahi kutumia kitanzi cha shaba hakukuhusiana na kuziba mirija. Kilichohusiana ni maambukizi ya klamidia, ugonjwa wa zinaa. Ndiyo maana ni muhimu kupimwa maambukizi kabla ya kuwekewa, na ndiyo maana uaminifu wa mume ni sehemu ya afya ya mke.

Shaba na homoni

Wakati Dalkon Shield ikiandaliwa, watu wawili walikuwa wakifanya kazi nyingine kwa utulivu. Howard Tatum alitengeneza umbo la T linalolingana na mfuko wa uzazi, na daktari Jaime Zipper wa Chile aligundua kwamba shaba kidogo ikiwekwa ndani huzuia mimba. Wakaunganisha mawazo yao. Kizazi kilichofuata, Copper T 380A, kiliidhinishwa Marekani mwaka 1984. Namba 380 ni eneo la shaba yake kwa milimita za mraba. Kinakaa miaka 10 au zaidi, na katika wanawake 100 wanaokitumia kwa mwaka, wanaoshika mimba hawafiki mmoja.

Huko Finland, daktari Tapani Luukkainen alitengeneza aina nyingine inayotoa homoni kidogo kidogo. Iliingia sokoni kwao mwaka 1990. Tofauti yake kubwa kwa mtumiaji ni hii: kitanzi cha shaba mara nyingi huongeza damu ya hedhi na maumivu, hasa miezi ya mwanzo. Cha homoni hupunguza damu, na baada ya muda wengine hawaoni hedhi kabisa.

Mafakihi nao walihitaji kujua kinavyofanya kazi, kwa kuwa kuzuia mimba ni jambo moja na kuitoa ni jambo jingine. Utafiti umeonyesha kwamba kazi kuu ya shaba ni kuzidhoofisha mbegu za kiume zisilifikie yai. Wanazuoni wengi wa zama hizi wamekipima kitanzi kwa mizani ya azli: kinajuzu kwa sababu inayokubalika, kwa ridhaa ya wanandoa wote wawili, na kisiwe cha kukata uzazi moja kwa moja. Wapo pia wanaojizuia nacho kwa tahadhari, na dada anayefuata rai hiyo tunamheshimu.

Misri walichagua, China waliamuliwa

Mfano wa kuvutia katika nchi za Kiislamu ni Misri. Mwaka 1937 Mufti wa Misri, Sheikh Abdul Majid Salim, alitoa fatwa kwamba wanandoa wanaweza kuzuia mimba kwa sababu zinazokubalika. Baadaye kitanzi, wao wakikiita lawlab, kilipokelewa vizuri mno. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2014, kati ya wanawake 100 walioolewa, 30 hivi walikuwa wakitumia kitanzi. Kwa hiyo anayesema kitanzi hakiendani na Uislamu atazame mji wa Al-Azhar.

China ilikwenda njia nyingine. Chini ya sera ya mtoto mmoja, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, mamilioni ya wanawake walitakiwa kuwekewa kitanzi baada ya mtoto wa kwanza. Vingi vilikuwa pete za chuma zisizokuwa na uzi, ili mwanamke asiweze kukitoa kwa urahisi. Miaka ya karibuni kumetoka taarifa za wanawake wa Kiislamu wa jamii ya Uighur kuwekewa kwa nguvu. Kifaa kile kile ambacho Mmisri amekwenda kukiomba kwa hiari, kwingine kimegeuka kuwa dhulma. Tofauti iko kwenye nani aliyeamua.

Na sisi visiwani?

Tanganyika huduma hizi zilianza mwaka 1959 Dar es Salaam, kwa chama ambacho baadaye kilijulikana kama UMATI. Mwaka 1974 serikali ikaingiza huduma hizo kwenye kliniki za mama na mtoto. Miaka ya 1990 wengi wetu, au mama zetu, tulisikiliza mchezo wa Twende na Wakati kwenye Redio Tanzania, ukaona kila mahali ile alama ya nyota ya kijani.

Zanzibar mambo yalikwenda polepole. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba kama asilimia 14 tu ya wanawake walioolewa visiwani walitumia njia za kisasa, wakati Bara walikaribia theluthi moja. Na waliotumia kitanzi walikuwa wachache sana. Wanaotoka nje wakiona takwimu hizi husema "ni dini". Sisi tunaoishi hapa tunajua kuna mengine: aibu ya kuvuliwa mbele ya mtu asiyejulikana, hofu ya kukutana na daktari mwanamme, mume asiyetaka kusikia, mama mkwe anayehesabu miezi, na maneno ya mitaani. Wanasema kinapanda mpaka moyoni. Wanasema mume atachomwa. Wanasema mtoto atazaliwa amekishika mkononi.

Basi tujibu. Mfuko wa uzazi hauna njia ya kwenda moyoni. Mara chache sana, kama mara moja katika uwekaji 1,000, kifaa hutoboa ukuta wa mfuko wakati wa kuwekwa, na hilo linahitaji daktari. Kinaweza pia kutoka chenyewe, hasa mwaka wa kwanza, ndiyo sababu ya kuhakikisha uzi. Mume akihisi uzi, unapunguzwa.

Damu, swala na funga

Hapa kuna jambo ambalo nesi hatakuambia, na ni haki yako kulijua kabla. Kitanzi kinaweza kubadilisha mpangilio wa damu yako, na damu kwetu ni ibada: swala, saumu, tendo la ndoa, hata tawafu. Katika madhehebu ya Shafii, hedhi haizidi siku 15, na tohara baina ya hedhi mbili haipungui siku 15. Damu inayovuka mpaka huo ni istihadha, damu ya ugonjwa. Mwenye istihadha anaoga mara tu hedhi yake inapohesabiwa kwisha, anajisafisha na kujifunga vizuri, anatawadha kwa kila faradhi baada ya wakati kuingia, na anaswali na kufunga. Wapo dada walioacha swala kwa wiki nyingi kwa kuona matone tu, kumbe ilikuwa istihadha. Weka daftari dogo uandike siku, na mpelekee ustadhati au sheikh unayemwamini.

Bibi Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) alikwenda mwenyewe kwa Mtume (s.a.w.) kuuliza juu ya damu yake isiyokatika, na akajibiwa bila kukemewa. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Basi sisi ni nani tuone aibu?

Mengine kwa ufupi. Kitanzi hakizuii josho la janaba kutimia. Usikiwekee mchana wa Ramadhani, kwani kwa Mashafii kuingiza kitu ndani ya tupu kunabatilisha saumu. Na omba mhudumu mwanamke. Ni haki yako kuomba, na mara nyingi yupo.

Kwako bi harusi

Ukitazama historia hii yote, utaona kwamba wanawake walioumia si wale tu waliopewa kifaa kibaya. Ni wale ambao hawakuambiwa, hawakuulizwa au hawakusikilizwa. Kwa hiyo, kabla hujasema ndiyo au hapana, kaa na mumeo mkumbuke yale maneno mawili ya aya: kuridhiana na kushauriana. Kisha nenda na masuala haya kliniki:

- Je, nimepimwa mimba na maambukizi?
- Ni cha shaba au cha homoni, na damu yangu itakuwaje miezi ya mwanzo?
- Nikitaka kukitoa, kitatolewa siku hiyo hiyo bila kuulizwa maswali mengi?
- Dalili gani zinirudishe haraka? (Homa, maumivu makali ya tumbo, uchafu wenye harufu, uzi kupotea, au kukosa hedhi.)
- Kwa hali yangu ya afya, kuna njia nyingine inayonifaa zaidi?

Mhudumu asiyekuwa na subira ya kujibu hayo, ondoka, tafuta mwingine. Na ukiamua kwamba kitanzi si chako, hukukosea. Kijiti, sindano, vidonge, kondomu, kuhesabu siku na kunyonyesha kikamilifu miezi sita ya mwanzo ikiwa hedhi haijarudi, yote ni milango ya kuulizia. Na ukitaka watoto wafuatane na afya yako inaruhusu, hiyo pia ni neema.

Rizki na roho ziko mikononi mwa Allah. Kiumbe aliyeandikiwa kuja atakuja, hata uzi na shaba vikiwepo. Sisi tumeamrishwa kufunga ngamia kisha kutawakali.

Allah awape mabibi harusi wetu ndoa zenye utulivu, wazazi wepesi katika uzazi wao, na dada wanaosubiri mtoto awaruzuku walio wema. Amin. Wallahu a'lam.